Mwezi Ambao Kodi Ilishuka Mnadani Chini

Watu wanaolalamika kwamba vyumba vya Tarime mjini ni vidogo hawajawahi kuingia changu. Nilipotaka kugeuka kitandani ilinibidi nitoke nje, nigeukie uani, kisha nirudi nikiwa nimeshageuka. Panya waliingia mmoja mmoja kwa zamu. Nilikipanga mwaka niliostaafu ukarani wa josho la ng'ombe, kwa shilingi elfu kumi na tano, na kwa miaka tisa kodi ikawa inapanda kama mzee anayepanda mlima: hatua mbili, inapumzika, inapanda tena, hadi ikafika elfu arobaini. Hapo tukadhani imefika kileleni.

Mtaa wetu unaitwa Mnadani Chini kwa sababu zamani ng'ombe waliuzwa kule juu na maji yao yakashukia kwetu. Mnada ulishahamishwa. Maji yalibaki. Hatuna lami wala mfereji, na choo ni kimoja kwa vyumba kumi na viwili, lakini ukitembea hatua mia mbili uko stendi, ukiongeza hamsini uko sokoni, na hizo hatua ndizo tulizokuwa tunalipia. Nyumba ilikuwa ya Nchagwa, mtu wa miaka hamsini hivi mwenye tumbo la heshima. Vyumba sita vilitazamana na vyumba sita, ua katikati, naye na mkewe walikaa upande wa nyuma. Mlango wangu ulitazamana na mlango wa Agustina.

Agustina ni mama wa makamo kutoka Robanda, kule pembeni mwa hifadhi. Tembo walikula mahindi yake misimu mitatu mfululizo, wa nne akafunga mzigo akaja mjini. Chumba chake kilikuwa cha kona, na dirisha lake lilitazama barabara ya stendi. Kwenye dirisha hilo aliuza uji wa ulezi na maandazi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na bodaboda wote wa stendi walikunywa hapo, wamekaa juu ya pikipiki zao bila kuzima injini. Alipikia kuni humo humo ndani, upande mmoja jiko, upande mwingine kitanda, na ukuta wote ukawa mweusi kama ndani ya chungu. Dirisha lile ndilo lilikuwa shamba lake. Angehamia hata mtaa wa pili wateja wasingemfuata, maana bodaboda hafuati uji. Uji ndio unaomfuata yeye.

Basi, Jumapili moja tumetoka kanisani, akaingia uani kijana mmoja wa viatu vyenye ncha, simu tatu mkononi. Jackson, dalali wa nyumba. Nchagwa alikuwa nyuma yake, amevaa koti.

"Shikamoo mzee," Jackson akaniambia.

"Marahaba. Umekuja kununua au kuuza?"

"Nimekuja kuelimisha."

Akaelimisha. Akasema Tarime sasa ni mji, kuna watumishi wapya, kuna wanafunzi, kuna watu wanavuka Sirari na pesa za Kenya hawajui waziweke wapi. Akasema soko limepanda na chumba cha elfu arobaini ni kumdhalilisha mwenye nyumba. Kuanzia mwezi ujao ni elfu tisini, kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na juu yake mwezi mmoja wa dalali.

"Dalali wa nini?" Agustina akauliza. Alikuwa anaosha vikombe, hakuinua kichwa. "Mimi nimo ndani tayari. Unanitafutia chumba nilichomo?"

"Mama, unapangishwa upya. Anaingia mpangaji mpya."

"Ni nani huyo?"

"Ni wewe."

"Na yule wa zamani amekwenda wapi?"

Jackson akatazama simu moja, akaitazama ya pili, akaitazama ya tatu. Nchagwa ndiye aliyejibu. "Asiyeweza, mwisho wa mwezi aniachie funguo. Mimi sina ugomvi na mtu. Ni soko."

Kesho yake akaja fundi wa rangi. Akaandika ukutani kwa herufi za buluu, SERENGETI VYUU APATIMENTI. Nikamwambia Nchagwa, mura, kijana wangu, Serengeti haionekani kutoka hapa hata ukipanda juu ya bati. Kinachoonekana ni machinjio.

"Wanyama ni wanyama, mzee," akasema.

Agustina alikuwa na wiki tatu. Akaanza kutafuta chumba kingine chenye dirisha la barabarani, nami nikawa namsindikiza kwa sababu sikuwa na kazi na kwa sababu nilipenda kuona. Jackson alitutembeza. Kuona tu ni elfu tano kila chumba, upende usipende. Cha kwanza kilikuwa na mparachichi katikati. Mwenyewe aliona uvivu kuukata, akajenga akiuzunguka, na sasa alikuwa anaongeza elfu kumi kwa ajili ya kivuli. Cha pili kiliitwa masta. Nikafungua mlango nikakuta choo, nikauliza chumba kiko wapi, Jackson akasema tumo ndani yake, kitanda kinakaa hapo juu ya mbao, mtu mrefu akunje magoti. Elfu themanini na tano.

"Na hiki kingine?" Agustina akauliza, maana mbele yetu kulikuwa na kuta tatu na anga.

"Hiki ni cha hewa safi," Jackson akasema. "Wengine wanapenda."

Tuliporudi Agustina alikaa kwenye ndoo iliyoinamishwa. Elfu kumi na tano zilikuwa zimekwenda kwa kutazama tu. "Mzee Mwikwabe," akaniambia, "tembo wakishamaliza shamba wanaondoka. Hawakai na wewe uani wakikuelimisha." Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema mwisho wa mwezi atarudi Robanda, hana namna.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu, saa tatu asubuhi, wakatokea vijana wawili wenye vizibao vya rangi ya machungwa na mashine ya miguu mitatu. Wakachungulia, wakaandika, wakasogea, wakachungulia tena. Nikawafuata nikawauliza. Mmoja ni binti, jina lake Irine, mwenye adabu sana. Akasema wao ni wanafunzi wa chuo, wanasomea upimaji ardhi, mwalimu wao amewagawia mitaa ya kujifunzia na wao wameangukiwa na huu. Akaniuliza choo kiko wapi, nikamwonyesha. Akanywa uji. Mvua ikaanza, wakakimbia na mashine yao, na kwenye kona ya nyumba ya Nchagwa wakasahau kigingi kimoja cha mti chenye utepe mwekundu. Irine akanipungia mkono akiwa mbali.

"Mzee, nitunzie hicho. Nakifuata Alhamisi ya wiki ijayo."

Mtu mwingine angeking'oa akakiweka ndani. Mimi nilikiacha pale pale. Niliambiwa nikitunze, sikuambiwa nikihamishe.

Nchagwa alikiona saa nane mchana. Alikizunguka mara tatu kama ng'ombe anavyolizunguka josho siku ya kwanza.

"Mzee Mwikwabe. Hiki nani ameweka?"

"Watu wenye mashine ya miguu mitatu."

"Wamesema nini?"

"Hawakusema mengi. Waliuliza choo kiko wapi."

"Choo?"

"Choo. Na walikuwa na daftari."

Akakigusa kigingi kwa ncha ya kiatu. "Walikuwa wanapima kutoka wapi kwenda wapi?"

"Kutoka stendi, wakaja hapa, halafu wakawa kama wanakata hivi." Nikaonyesha kwa mkono. Mkono wangu, kusema kweli, ulipita katikati ya sebule ya Nchagwa, ukapita kwa jirani yetu Winfrida, ukapita kanisani, na kama bega lisingeuma ungefika Mugumu. Lakini sikutamka neno barabara. Nchagwa ndiye aliyelitamka.

"Barabara," akasema taratibu. "Wakiandika hadi choo, wanaandika kila kitu. Hiyo ni fidia."

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo mtu wa Tarime haelezwi. Upande wa machimbo ya dhahabu watu wamezoea kutegesha. Wakisikia wathamini wanakuja kuhesabu mali ili watu walipwe wahame, mtu anainua nyumba haraka haraka pale palipokuwa na majani, anachomeka migomba, anasubiri ahesabiwe. Nyumba hiyo haijengwi ili mtu akae, inategeshwa kama mtego wa kwale. Binamu yake Nchagwa alitegesha huko akalipwa, akajisifu miaka mingi. Tangu siku hiyo Nchagwa alikuwa anaisubiri zamu yake, na mjini hakuna machimbo. Sasa alikuwa na kigingi.

Alimwambia mkewe tu, kwa siri. Kufikia Jumanne jioni siri ilikuwa imezunguka mtaa wote ikarudi kwake ikiwa na mita thelathini kila upande na mkandarasi Mchina.

Jumatano mtaa ulianza kujengwa. Nimeishi sana, nimeona mafuriko na nimeona nzige, lakini sijaona mabati yakitembea namna ile. Nchagwa aligawa kila chumba mara mbili kwa mabanzi, vyumba kumi na viwili vikawa ishirini na vinne, kisha akaongeza safu uani, ikabidi tupite ubavu. Winfrida, mjane mwenye nyumba ya jirani, alikuwa na banda la kuku. Alhamisi lilikuwa nyumba ya vyumba vinane. Misumari iliisha madukani, watu wakawa wanainunua Sirari kwa kuhesabu mmoja mmoja. Mafundi walikuwa na haraka hivi kwamba kuku mmoja wa Winfrida alisimama mahali pamoja dakika tano akaezekwa. Migomba ilichomekwa kwenye mitaro, mihogo mbele ya milango, na mtu mmoja alipanda mkahawa kwenye tairi bovu la lori.

Halafu Nchagwa akakumbuka kwamba makaburi nayo yanalipwa. Mkurya anazikwa nyumbani kwake, na mthamini analijua hilo, hawezi kuuliza kaburi linafanya nini uani. Tatizo ni kwamba wazee wa Nchagwa wote wamelala Mbalibali. Akajenga makaburi mawili ya saruji nyuma ya choo. Moja akaliandika jina la babu yake. La pili, kwa kukosa marehemu wa karibu, akaliandika jina la baba yake mdogo Zablon, ambaye ni mzima na anakaa kilomita nne kutoka hapo.

Zablon akaja Ijumaa kusalimia. Alikwenda msalani, akarudi polepole.

"Nchagwa, mwanangu. Nimekufa lini?"

"Tata, hiyo ni ya serikali tu."

"Serikali imeandika Machi. Machi nilikuwa hapa nikala kuku wako."

"Nikilipwa nakupa laki mbili."

Zablon akafikiri. "Ongeza msalaba," akasema. "Usiniweke kama mbwa."

Mpaka hapo kodi ilikuwa bado elfu tisini. Iliyoishusha ni simu ya binamu wa machimbo, Jumamosi. Akamwambia Nchagwa kwamba siku hizi wathamini wamekuwa wajanja. Hawatazami kuta. Wanaingia ndani wanatafuta watu. Wanafungua sufuria. Wanapitisha kidole ukutani wanatafuta masizi. Nyumba isiyo na mtu na isiyo na masizi wanaiandika sifuri na kuondoka.

Nchagwa alitoka kwenye simu ile amebadilika rangi. Alikuwa na vyumba thelathini na vitatu na wapangaji kumi na wawili, tena nusu yao walishaanza kufunga mizigo kwa sababu ya elfu tisini. Akapita mlango hadi mlango. Akasema bei imerudi arobaini. Jioni akasema thelathini. Jumapili, kanisa halijaisha, mwenye nyumba wa upande wa pili alikuwa anatangaza chumba bure mwezi mzima, njoo na sufuria lako. Mwingine akatoa chumba bure na kilo tano za unga. Jackson akawa anakimbia stendi akiwashika mikono abiria waliokuwa wanabadilisha basi, "Mama, hukai? Siku tatu tu. Unalipwa." Alikuwa anadai kamisheni kwa mwenye nyumba kwa kila kichwa, na kichwa cha mtoto ni nusu.

Na katika mtaa mzima, masizi halisi, masizi ya miaka saba, yalikuwa chumba kimoja tu.

Winfrida ndiye aliyewahi. Alikuja dirishani kwa Agustina, akaagiza uji asiounywa, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Robanda, hamia kwangu. Sitaki kodi. Nitakupa elfu ishirini kila mwezi. Wewe njoo na jiko lako tu, na zile kuni zako mbichi."

Nchagwa alisikia kupitia mabanzi, maana sasa nyumba yote ilikuwa sikio. Akatoka mbio. "Agustina ni mpangaji wangu, Winfrida."

"Si ulimwambia aache funguo?"

"Nani? Mimi? Nilikuwa namtania."

Agustina akawatazama wote wawili, akafunga dirisha polepole. Kisha akavuka uani, ubavu ubavu, akaja mlangoni kwangu.

"Mzee Mwikwabe. Niambie kweli. Wale vijana ni akina nani?"

Kumdanganya mtu anayekupa kikombe cha kwanza kila asubuhi ni dhambi yenye hasara. Nikamwambia. Wanafunzi. Kigingi ni chao. Wanakifuata Alhamisi.

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alihesabu kwa vidole. "Leo Jumapili. Nina siku nne." Akasimama. "Mimi sitasema uongo hata mmoja, mzee. Nitaomba karatasi tu."

Akamwendea Nchagwa. Nilisogeza kiti.

"Baba mwenye nyumba, mimi nitakaa. Masizi nitayaacha, na nitayaongeza. Lakini nataka mkataba."

"Mkataba wa nini mama, sisi si ndugu?"

"Miaka mitano. Elfu arobaini, nalipa mwezi kwa mwezi, haipandi, dirisha langu haliguswi. Na asaini mtendaji wa mtaa, na mhuri."

Niliona uso wa Nchagwa ukifanya hesabu. Nyumba itabomolewa ndani ya miezi miwili. Mkataba wa nyumba iliyobomolewa ni karatasi ya kufungia maandazi. Akacheka kwa upole, kama mtu anayempa mtoto pipi. "Miaka mitano tu? Nikuandikie hata kumi."

"Mitano inatosha," akasema Agustina. "Sina tamaa."

Jumatatu mtendaji wetu, mama mmoja mkali anaitwa Gloria, alikuwa semina. Jumanne alikuwa semina. Jumatano alirudi, mhuri ukawa umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo amekwenda msibani Kenyamonta. Akawaambia njooni kesho saa tatu. Kesho ilikuwa Alhamisi.

Sikulala vizuri, na si kwa sababu ya kitanda. Saa mbili na nusu Agustina na Nchagwa waliondoka pamoja kwenda ofisini, Nchagwa kavaa lile koti. Saa tatu kasoro kumi nikamwona Irine anashuka kwenye bodaboda pale kona. Ofisi ya mtaa iko uchochoro wa nyuma yetu. Angeking'oa kigingi hadharani na mtu mmoja akauliza, habari ingefika mezani kwa mtendaji kabla kalamu haijafunguliwa.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kuchukua kile kigingi."

"Marahaba mwanangu. Kaa kwanza. Huwezi kuchukua kitu ukiwa umesimama, kwetu ni mwiko."

Ni mwiko niliotunga wakati huo huo, lakini alikaa. Nikamletea uji niliokuwa nimewekewa. Nikamuuliza habari za chuo, za wazazi, za wazazi wa wazazi. Akazijibu zote kwa dakika nne. Akatazama kigingi. Nikaona niingie kwenye hadithi za joshoni.

Nikamwambia habari za fahali mmoja aliyeitwa Kisyeri, jina la mwenye ng'ombe, ambaye alikataa kuingia kwenye dawa miaka miwili. Kila wiki alifika, akanusa, akageuka. Mwaka wa tatu akajitosa mwenyewe, akazama. Tukasubiri atokee upande wa pili. Hakutokea. Tukachovya mti, hakuna. Tukalia, mwenye ng'ombe akanilaumu mimi karani. Siku ya tatu fahali akatokea Mto Mara, kilomita ishirini na nane kutoka hapo, safi, hana kupe hata mmoja, na mamba wote wa sehemu ile wamelewa dawa wamelala tumbo juu.

"Alipitia wapi?" Irine akauliza.

"Chini."

"Chini ya ardhi?"

"Wewe ndiye unayesomea ardhi, nieleze wewe."

Binti yule hakuwa mjinga. Aliniangalia, akaangalia mtaa, akaona vyumba vya mabati mpaka kwenye mitaro, akaona mgomba umechomekwa kwenye ndoo. "Mzee," akasema, "Jumatatu ile haya yote hayakuwepo."

"Mji unakua."

"Na yale makaburi?"

"Watu wanakufa, mwanangu."

Akaweka kikombe chini. Alikuwa ameshaelewa kitu. Akasimama, akaenda kwenye kigingi, akakishika kwa mikono miwili. Saa ya kanisani ilikuwa tatu na dakika ishirini na tano. Nikamwomba anieleze ile mashine inavyoonyesha vitu juu chini. Akanieleza akiwa anavuta. Kilikuwa kimeshika kwa sababu ya mvua. Ardhi ya Mnadani Chini haiachii kitu upesi.

Kilitoka wakati ule ule Nchagwa alipokunja kona, Agustina nyuma yake amekumbatia bahasha.

"Binti," Nchagwa akasema kwa sauti ya mtu mwenye mali, "acha hicho. Ni cha barabara."

"Hapana baba. Ni cha chuo." Irine akakipangusa matope. "Tuna kumi na viwili, kimoja kilipungua. Mwalimu ametuambia tusipokirudisha tunakatwa."

"Chuo gani kinajenga barabara?"

"Hatujengi, baba. Tunajifunza kupima."

Uani kote macho yalitokea kwenye nyufa za mabanzi. Nchagwa aligeuka kunitazama mimi. Nami nilikuwa natazama uji.

"Mzee Mwikwabe, ulisema barabara."

"Mura, nitajie siku niliyosema."

Akatafuta. Midomo ilicheza, akarudia maneno yangu yote moja moja kimya kimya, stendi, choo, daftari, mkono. Neno halikuwamo. Akamgeukia Agustina, akanyoosha kiganja aletewe bahasha. Agustina akaishusha ndani ya blauzi.

Walirudi kwa mtendaji siku hiyo hiyo, na mtaa mzima nyuma yao. Gloria akasoma karatasi kwa sauti. Akasoma pale panaposema mwenye nyumba ametoa kwa hiari yake.

"Hiari ile ilikuwa ya barabara," Nchagwa akasema.

"Barabara haijaandikwa humu."

"Mimi nilijua nyumba itavunjwa."

Gloria akavua miwani. "Kwa hiyo ulimpangishia huyu mama nyumba uliyojua itavunjwa, miaka mitano, mbele yangu, ukachukua na kodi ya mwezi wa kwanza. Nataka nikuelewe vizuri kabla sijaandika."

Nchagwa akasema hapana, mama, asiandike.

Wiki ile mtaa ulihesabu hasara zake. Mnadani Chini ilikuwa imelala Jumanne na vyumba mia moja na kidogo, ikaamka Alhamisi ya pili na karibu mia tatu, vya mabati na mabanzi, vyenye joto mchana na baridi usiku, lakini vyumba. Wenye nyumba walikopa saruji, ilibidi wapangishe. Kila mtu akashusha chini ya jirani. Elfu thelathini, ishirini, kumi na mbili. Watu wanaofagia soko, waliokuwa wanatembea saa nzima kutoka vijijini, wakahamia hatua mia mbili na hamsini kutoka kwenye ufagio wao. Nimesikia kwenye redio semina ngapi za makazi nafuu, na sijasikia iliyojenga vyumba mia mbili kwa siku nane bila bajeti. Jackson alikaa wiki moja na simu zake zote kimya, akahamia Mugumu kuelimisha huko. Zablon alikataa kaburi lake livunjwe. Alisema ni zuri kuliko nyumba yake.

Mimi Nchagwa alinijia Ijumaa, mpole kabisa, mikono nyuma.

"Mzee Mwikwabe. Karatasi yako iko wapi?"

Sikuwa nayo. Siku nne nzima nilikuwa nimekaa kwenye kiti nikitazama, na fahali mzima nilimvusha chini ya ardhi, sikukumbuka kuandikiwa hata mstari. Akanipa mpaka Jumapili. Nikafunga mzigo, ukaisha kabla sijaanza, nikahamia kwa Winfrida, chumba cha mwisho cha lile lililokuwa banda. Elfu kumi. Akaniuliza kama nataka viwili. Nilichukua viwili, kimoja cha kulala, kingine cha kugeukia.

Asubuhi ya Jumatatu nilikwenda dirishani kwa Agustina. Nilikuta fundi ameinama barabarani na mbao mbili ndefu. Kwa miaka saba yule mama hakuwahi kuweka hata kigoda kwa ajili ya wateja; kila alichonunua kilikuwa cha kubebeka, mtu asiyejua mwezi ujao atalala wapi hanunui kingine. Sasa alikuwa anatengeneza benchi na meza chini ya dirisha, na juu yake bati la kivuli.

"Mama, miguu niishindilie mawe?" fundi akauliza. "Ukihama unang'oa."

"Chimba," Agustina akasema. "Mwaga zege."

Fundi akachimba. Bodaboda walikaa juu ya pikipiki wakitazama zege linavyomwagwa, kama watu walioalikwa. Alipomaliza kulainisha kwa mwiko nikasogea nikae, mguu ulikuwa unaniuma.

"Bado, mzee," Agustina akaniambia, akinipa kikombe kupitia dirisha. "Subiri lishike."

Nikanywa nimesimama.